Ua refu la samawati: Lipande, lakini mtoto asilionje

NA MWANDISHI WETU

UKITAKA jirani asimame langoni mwako na kuuliza swali, panda delfiniamu. Ni ua linalopanda juu kama mlingoti, mara nyingine hadi mita mbili, na mlingoti huo wote hujaa maua ya samawati iliyokolea ambayo ni nadra kuonekana katika bustani zetu. Yapo pia meupe, ya waridi na ya zambarau. Waingereza hulipenda mno, na wakulima wa maua hapa Kenya hulikuza kwa ajili ya kuuza ng'ambo. Ndugu yake mdogo, lakspa ya mwaka mmoja, huota haraka zaidi na ndiyo inayofaa zaidi kwa mtu anayeanza.

Lakini ukurasa huu ni wa afya, si wa ukulima. Tunalileta ua hili hapa kwa sababu kila sehemu ya mmea wake ina sumu: mizizi, shina, majani, maua, na hasa mbegu. Uzuri wa mkakasi, walisema wahenga, ndani kipande cha mti. Hatuandiki haya ili msomaji aliyekwisha kulipanda akimbie nje na jembe kuling'oa. Twaandika kwa kuwa mtu anaweza kununua mbegu dukani, asione onyo lolote kwenye pakiti, akazipanda hatua mbili tu kutoka kwenye tuta la dania.

Na jambo hilo la dania si mzaha. Majani machanga ya lakspa ya mwaka mmoja yamechanikachanika na kuwa membamba kama nyuzi. Katika ua mdogo wa Buruburu au Umoja, ambako kila kipande cha ardhi kina kazi yake, mtoto akitumwa jioni kuchuma dania ya kachumbari na taa ya nje haiwaki, ni rahisi mkono wake kukosea. Harufu ndiyo tofauti kubwa. Dania hunukia ukiisugua vidoleni, ilhali lakspa hainukii hivyo. Mpishi mzoefu atatambua mara moja. Mtoto wa miaka minane huenda asitambue.

Ana jamaa huku kwetu

Wengi hudhani kwamba delfiniamu ni ua la Wazungu peke yao. Sivyo. Ipo delfiniamu ya asili ya Afrika Mashariki, Delphinium macrocentron kwa jina la kitaalamu, inayoota yenyewe katika nyasi za nyanda za juu za Kenya. Maua yake huwa ya samawati au yenye rangi ya kijani, na kila ua lina mkia mrefu uliochongoka kwa nyuma. Kwa hiyo anayepanda delfiniamu Nairobi hamleti mgeni kabisa, ingawa aina zinazouzwa dukani asili yake ni Ulaya na Asia.

Jina lenyewe limetoka kwa Wayunani, ambao waliona kwamba chipukizi la ua kabla halijafunguka linafanana na pomboo, yule mnyama wa baharini anayejulikana sana na watu wa pwani. Wayunani na Warumi waliijua sumu yake pia. Mbegu za jamii moja ya mmea huu zilisagwa na kupakwa kichwani kuua chawa, na dawa za chawa za namna hiyo ziliendelea kutumika Ulaya na Marekani hadi karne ya 20. Ziliachwa kwa sababu nzuri: kinachoua chawa kilipenya pia kwenye ngozi yenye vidonda na kumdhuru mwenye kichwa. Ukisikia mtu akisifu mbegu hizi kuwa dawa ya mitishamba ya chawa, mwambie maduka ya dawa yana mafuta salama zaidi na si ghali.

Wanaoujua mmea huu vizuri kuliko wote pengine ni wafugaji wa magharibi mwa Marekani. Kule milimani kunaota lakspa ndefu za mwituni, na kwa zaidi ya miaka 100 zimekuwa miongoni mwa mimea inayoua ng'ombe wengi zaidi malishoni. Ng'ombe akila kwa wingi huanza kutetemeka, huishiwa nguvu miguuni, huanguka, na anaweza kufa katika muda wa saa chache. Kondoo huvumilia sumu hiyo mara kadhaa kuliko ng'ombe, na kuna wafugaji wanaotanguliza kondoo malishoni ili wapunguze lakspa kabla ya ng'ombe kuingia.

Mkazi wa Dandora au Kayole anaweza kuuliza habari hizo zinamhusu vipi. Zinamhusu. Mitaani mwetu wapo mbuzi wanaozurura, wapo sungura wanaofugwa nyuma ya nyumba na kulishwa chochote kilichofyekwa, na nyakati za ukame ng'ombe huletwa hadi mjini kutafuta nyasi. Mabua ya delfiniamu uliyoyakata yasitupwe nje ya ua wala yasipelekwe kwa sungura.

Sumu inavyofanya kazi

Mwili wa binadamu huamrisha misuli kwa njia ya neva. Neva ikitaka mkono uinuke, humwaga kemikali iitwayo asetilkolini penye misuli, na kemikali hiyo hufanya kama ufunguo unaoingia katika kufuli yake. Sumu ya delfiniamu, ambayo ni ya kundi la alkaloidi, huingia katika kufuli hiyo hiyo na kukaa. Ufunguo halisi ukija haupati nafasi. Amri imetumwa, lakini misuli haijaisikia. Ndiyo sababu mnyama huanguka akiwa na macho wazi, na ndiyo sababu hatari kubwa kuliko zote ni misuli ya kupumulia. Moyo nao unaweza kupiga polepole mno au bila mpangilio.

Kwa mtu, dalili za kwanza huwa mdomoni: kuwashwa, kuchomachoma na kufa ganzi kwa midomo na ulimi. Hufuata mate mengi, kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma na pengine kuhara. Kama aliyekula amekula kingi, udhaifu wa viungo hufuata, kutetemeka, na kupumua kwa shida.

Tuseme ukweli, vifo vya binadamu kutokana na ua hili ni nadra. Mmea wenyewe ni mchungu na mtu mzima akiutafuna atautema. Mtu wa kumhofia ni mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu, ambaye hujifunza dunia kwa mdomo, na ambaye uzito wake wa kilo kumi hivi haumpi nafasi kubwa ya kustahimili.

Mwandishi pia asingependa msomaji apotoshwe kuhusu ukubwa wa hatari yenyewe. Katika nyumba zetu, mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda na dawa ya panya iliyowekwa chini ya kitanda vimewaletea watoto wa Kenya madhara mengi kuliko ua lolote. Na hata tukibaki kwenye mimea, delfiniamu si mbaya kuliko yote. Mbarika, ambayo wengine huiita mbono au mnyonyo, huota yenyewe kando ya mitaro ya Eastlands, na mbegu zake zenye madoadoa huvutia watoto kama shanga. Zikitafunwa ni hatari sana. Oleanda, ile ya maua ya waridi na ile ya manjano, hupandwa kwenye nyua na kando ya barabara nyingi za jiji, nayo hushambulia moyo. Lile ua jeupe lililoinama kama tarumbeta na kunukia usiku humfanya mtu aone mambo yasiyokuwapo. Anayeogopa delfiniamu ilhali ana oleanda mlangoni amekosea mahesabu.

Udongo wa Eastlands na kwa nini maua

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wa Juni hadi Agosti ndio unaoufanya mmea huu wa nchi za baridi uweze kukaa hapa. Tatizo la upande wetu wa jiji ni udongo. Wakazi wa upande wa magharibi wana udongo mwekundu unaopitisha maji. Donholm, Umoja, Embakasi na majirani zao wana ule mweusi unaonata, ambao mvua ikinyesha hushika maji kama sufuria, na jua likiwaka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Delfiniamu ikikaa ndani ya maji siku tatu mizizi yake huoza. Kwa hiyo inua tuta angalau sentimita 30, uchanganye udongo mweusi na mchanga, samadi iliyooza vizuri na, ukipata, karai kadhaa za udongo mwekundu.

Hapa lazima tuseme neno kuhusu mbolea. Mwaka wa 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa ripoti kuhusu jaa la taka la Dandora. Kati ya watoto 328 waliopimwa karibu na hapo, nusu walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Udongo wenyewe ulipatikana na risasi na madini mengine mazito. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto na hudhuru polepole, bila kelele. Kwa sababu hiyo, mboji nyeusi inayochotwa majaani na kuuzwa kwa gunia si ya kuletwa nyumbani, hata kama bei yake inavutia.

Na kwa sababu hiyo hiyo, msomaji anayeishi karibu na jaa, gereji au mahali betri zilipokuwa zikivunjwa ana sababu nzuri ya kupanda maua badala ya sukumawiki. Ua haliliwi. Hufunika udongo, vumbi hupungua, na familia hupata kitu cha kutazama. Kinachobaki ni kuosha mikono baada ya kazi, na kuviacha viatu vya bustani nje ya mlango.

Kulipanda na kulitunza

Mbegu za delfiniamu hazipendi joto. Ndiyo maana wakulima huziweka katika jokofu wiki moja au mbili kabla ya kuzipanda, na zile zinazobaki huhifadhiwa humo humo kwa kuwa hupoteza nguvu upesi zikikaa kabatini. Sasa fikiria jokofu la nyumbani: mbegu ndogo nyeusi, zenye sumu kuliko sehemu zote za mmea, ziko rafu moja na siagi na matunda. Zitie katika kopo lenye kifuniko cha kuzungusha, andika SUMU kwa kalamu nene, uliweke rafu ya juu kabisa nyuma. Usizifunge katika karatasi kama pilipili manga. Kama hakuna jokofu, nunua chache tu na uzipande zote.

Panda kati ya Aprili na Mei ili miche ikue wakati wa baridi. Delfiniamu ya kudumu huanzia kwenye kitalu: funika mbegu kwa udongo kidogo tu, weka kivulini, na uwe na subira ya wiki mbili hadi tatu. Miche ikiwa na majani manne hivi ihamishe kwa nafasi ya nusu mita. Lakspa ya mwaka mmoja haipendi kuhamishwa. Mwaga mbegu zake pale pale itakapokaa, kisha punguza miche hadi kila mmoja uwe na sentimita 30 zake. Miche unayong'oa ni ya kuangalia kwa makini, maana ndiyo inayofanana na dania, na mimea michanga ya jamii hii huwa na sumu nyingi. Ikusanye yote kwenye ndoo, usiiache juu ya tuta.

Umbali wa kutoka kwenye mboga uwe wa kueleweka: upande mwingine wa ua, au angalau njia ya kupita katikati. Vaa glavu, kwani utomvu wake huwasha ngozi za watu wengine.

Adui mkubwa wa miche ni konokono. Anaweza kumaliza tuta zima kwa usiku mmoja, na hapo ndipo mtu hukimbilia vidonge vya kuulia konokono vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa za kilimo. Kwa maoni yetu vidonge hivyo, ambavyo vingi hutengenezwa kwa methaldehidi, havifai katika ua wenye mtoto au mbwa. Vina rangi kama peremende na mbwa hupenda ladha yake. Vikiliwa huleta degedege. Afadhali utoke na kurunzi saa mbili usiku, uwaokote konokono kwa mkono na kuwatia katika maji ya chumvi. Ni kazi ya dakika kumi, na watoto wakubwa huifurahia.

Mwagilia chini, kwenye shina, si juu ya majani, la sivyo ukungu mweupe kama unga utayafunika. Siku za mgao wa maji, yale yaliyosuuzia mboga yanatosha. Mmea ukifika magotini uwekee fito ya mwanzi na kuufunga kwa ulegevu, kwa sababu upepo wa alasiri huvunja mabua marefu.

Jambo moja kubwa kuliko yote katika utunzaji ni kukata. Maua ya chini yakianza kunyauka, kata bua zima kabla vijumba vya mbegu havijakomaa. Mkulima wa maua atakwambia ukifanya hivyo delfiniamu huchipua na kuchanua tena baada ya miezi michache. Daktari atakwambia umeondoa sehemu yenye sumu nyingi zaidi kabla mtoto hajaiona. Ni nadra mkulima na daktari kukubaliana hivyo. Maua uliyoyakata yakikaa mezani, chombo kiwe kirefu na kizito, na maji yake yamwagwe chooni, si kwenye kikombe kinachoachwa kwenye sinki.

Mtoto akila

Dakika za kwanza ni za mzazi. Mtoe mtoto kilichobaki mdomoni kwa kidole, mwoshe mdomo na mikono kwa maji safi, tazama saa. Usimlazimishe kutapika kwa kumtia kidole kooni wala kwa maji ya chumvi, kwa kuwa anayepoteza nguvu za misuli anaweza kuvuta matapishi mapafuni. Usimnyweshe maziwa, mayai mabichi wala mafuta. Tunajua kuwa maziwa ndiyo dawa ya kwanza katika nyumba nyingi za Eastlands, na nyanya atasisitiza, lakini hayaondoi sumu hii na yatamwongezea kutapika. Makaa ya jikoni yaliyosagwa pia si ule mkaa maalumu wa hospitali.

Mpeleke hospitali mara moja hata kama anacheza na kucheka, kwani dalili zinaweza kuchelewa. Upande huu wa jiji kuna Mama Lucy Kibaki, iliyofunguliwa mwaka wa 2011, na kwa hali nzito kuna Hospitali Kuu ya Kenyatta. Beba kipande cha mmea chenye jani na ua, katika mfuko wa karatasi. Kipande hicho humsaidia daktari kuliko maelezo ya "alikula maua fulani ya bluu". Njiani, akisinzia au kulegea, mlaze kwa ubavu. Hospitalini hakuna dawa moja ya kuiondoa sumu hii. Madaktari huangalia moyo na pumzi, na ikibidi humsaidia kupumua hadi mwili uishinde wenyewe.

Wanaokaa katika magorofa ya Kayole, Umoja au Pipeline na wana roshani tu wanaweza kuotesha aina fupi katika debe la lita 20 lililotobolewa chini. Lakini roshani ndiyo uwanja wa mchezo wa mtoto mdogo huko juu, na debe liko kimo cha mdomo wake. Kama nyumbani yuko asiyetimiza miaka mitatu, ushauri wetu ni kungoja. Mlingoti wa maua unaweza kuupata kwa antirinamu, ambayo hufika mita moja na haina sumu ya kutisha. Nayo alizeti hupita delfiniamu kwa urefu, hustahimili udongo mweusi, na mtoto akizila mbegu zake hakuna wa kukimbizwa hospitali.